Majani kwenye Rejeta

Katikati ya ngano ya serikali, upande wa shamba letu unaotazama Mlima Hanang, lilibaki kaburi moja ambalo hakuna dereva wa trekta aliyekubali kulilima. Lilikuwa kaburi la mzee wa Kibarabaig, la namna wanayowajengea watu wao wa heshima, miti na udongo, likapanda mpaka kumzidi mtu mzima kimo. Boma la mzee lilikuwa limeshahamishwa. Miti ya kivuli ilikuwa imeshang'olewa. Kombaini zikifika pale zililizunguka kwa mbali, zikaacha kisiwa cha magugu katikati ya shamba. Meneja alikichukia kisiwa kile. Alisema msimu ule, ngano ikishavunwa, plau itapita moja kwa moja.

Madereva wa trekta walikuwa na hoja yao, na ilikuwa nzito. Landrova ya meneja ilikuwa inachemka pale. Si mahali pengine, pale pale. Ikipanda kile kimwinuko kuelekea kaburini, mshale wa joto unapanda nao, na wakifika ubavuni mwa kaburi mvuke unatoka chini ya boneti, maji yanamwagika, gari linasimama. Wakirudi, halichemki. Wakienda Katesh kwa barabara kuu, halichemki. Madereva walikuwa wakikaa kwenye magurudumu ya trekta wakati wa chai na kuulizana, "Gari la mkubwa mwenyewe linachemka, langu litaachwa?"

Mimi nilikuwa fundi wa karakana, na maneno yale yalinikera kama mchanga kwenye ugali. Nilizaliwa milimani Mbulu, kwenye nyumba ya Kikristo ya kulima maharage na mahindi, nikafundishwa na baba kwamba kila kitu kina sababu yake, hata ng'ombe kukataa maziwa. Injini nayo haina dini. Inataka mafuta, inataka maji, inataka hewa. Ukiinyima kimoja kati ya hivyo inakuaibisha mbele za watu, na haitazami mbele za nani.

Meneja aliniita karakanani kwangu, akasimama mlangoni ili asikanyage oili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msomi wa kutoka mbali, anayependa mistari iliyonyooka.

"Fundi, nitengenezee hili gari. Likipita pale bila kuchemka hata mara moja, huu ugonjwa wa madereva utakwisha, tutalima."

"Litapita, mzee," nikamwambia. Nilijibu haraka, kwa sifa. Kaburi halikuwa kichwani mwangu hata kidogo. Kichwani mlikuwa na rejeta.

Nilianza na mambo ambayo fundi yeyote huanza nayo. Nikaifungua rejeta, nikaigeuza, nikaisukumia maji kwa kinyume mpaka kutu yote ikatoka. Nikabadilisha thamostati. Nikakaza mkanda wa feni. Tairi la akiba lilikuwa limefungwa mbele ya grili, ule wavu wa uso wa gari, limekaa kama mtu aliyeziba mlango kwa mgongo, nikalihamishia nyuma. Gari likaenda, likachemka.

Nikaona feni inavuta hewa ya pembeni, haivuti kupitia rejeta. Nikakata bati la pipa la dizeli, nikalikunja, nikaizungushia feni kola, ili hewa yote inayovutwa ilazimike kupita kwenye vipenyo vya rejeta kwanza. Halafu nikainua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa nene, vile vipete vya chuma vya boliti, chini ya bawaba zake, hewa ya moto ipate pa kutokea. Hewa ya moto ikikosa njia ya kutoka, ya baridi haina pa kuingilia. Ni kama jiko la kuni: ukisahau tundu la moshi, moto wenyewe unakufa. Nilijisifu sana kwa zile washa. Gari likaenda, likachemka, ingawa safari hii kwa kuchelewa kidogo. Lilifika kaburini ndipo likatoa mvuke.

Madereva wa trekta walinicheka. Mmoja akaniuliza kama nimejaribu kuchinja kondoo.

Nilipanda mwenyewe na dereva wa meneja tukaenda kupima. Alikuwa mtu wa Singida, mpole, mwenye kusinzia, anayeshika usukani kwa vidole viwili. Siku ile meneja hakuwepo. Tulipita kwa njia ya nyuma ya karakana, isiyofika kizuizi cha shamba, tukapanda kimwinuko, tukafika kaburini, na mshale ukabaki katikati. Nikashuka. Nakumbuka ukimya wa pale. Kulikuwa na upepo, lakini hakukuwa na mti wa kuupigisha kelele. Ulipita juu ya mabua tu, ukatugusa shingoni, ukaendelea. Nilitazama nyuma nikaona upepo ule unatufuata kwa mwendo wetu wenyewe, na nikaelewa sehemu ya jambo. Gari likipanda polepole na upepo ukiwa mgongoni, hewa iliyo mbele ya rejeta inasimama tu. Feni peke yake ndiyo inayohema. Kizuizi kidogo kikiongezeka hapo, kwaheri.

"Umeona? Hakuna jini," nikamwambia dereva.

Alikuwa anatazama kaburi, na ameliacha gari likinguruma, mguu juu ya mafuta.

Kesho yake akamchukua meneja kama kawaida, na gari likachemka kama kawaida. Walilirudisha linavutwa na trekta. Nikafungua boneti, na harufu ikanipiga usoni. Harufu ile ninayo mpaka leo. Nimezeeka, yale mashamba yamekufa, karakana imebaki nguzo, lakini mke wangu akichemsha mboga akaisahau jikoni, mimi huinuka nikatoka nje. Majani mabichi yaliyopikwa kwa moto wa injini. Yalikuwa yamelala kwenye uso wa rejeta, yamebanwa na feni, yamekuwa bamba moja la kijani lililoungua kingo. Haikuwa mara ya kwanza kuyaona. Kila gari liliporudi nilikuwa nikiyakwangua na makapi ya ngano pamoja, nikiyatupa kwenye pipa, nikidhani dereva anakatiza porini.

Siku ile nilimfokea. "Wewe unaendesha gari au unachunga? Unalilisha?"

Akainamisha kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Leo umevutwa na trekta. Kesho hedi ya injini itapinda kwa joto, na kazi yako itapinda nayo. Sema."

Ndipo akasema. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba gari linasikia. Pale kwenye kizuizi cha shamba, mlinzi anapoinua boriti, kuna mama mmoja mzee wa Kibarabaig husimama na wakwe zake. Gari la meneja likisimama, wanakuja mbele, wanachomeka majani mabichi kwenye grili. Meneja anafikiri wanauza maziwa, anasema twende. Yeye dereva anayaona, lakini hawezi kuyagusa.

"Kwa nini huwezi?"

"Fundi, mambo ya watu hayo. Nitoe kwa mkono wangu nikafe?"

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Kwetu milimani nako tunajua maana ya majani mabichi mkononi. Babu zangu na babu za mama yule waliibiana ng'ombe mpaka wakachoka, na hata katika vita vile mtu akija ameshika majani humgusi. Amekuja kuomba. Unamsikiliza kwanza. Nilikuwa nimeyakwangua maombi ya watu kwa bisibisi, nikayatupa kwenye pipa la matambara, mwezi mzima, na hata siku moja sikujiuliza nyasi za porini zinakatwaje zikalingana urefu.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kizuizini kwa miguu. Alikuwepo. Mwembamba, mrefu, amevaa ngozi, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, mguu mmoja unamsumbua hivyo amesimama kama korongo. Mkononi ana majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi fundi wa lile gari."

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiyo unatoa majani yangu?"

Nilikubali. Nilimwambia majani yanaziba gari hewa, ndiyo maana linachemka. Nilieleza kwa mikono, kama mpumbavu, nikijiziba pua na mdomo kumwonyesha. Mkwe wake mmoja akacheka. Yeye hakucheka. Alisema Kiswahili chake polepole, akichagua kila neno kabla ya kulitoa.

"Yule bwana hafungui kioo. Mimi naongea na nani? Naongea na gari. Gari lina uso. Naweka majani kwa uso. Gari linaenda, linafika kwa mzee wangu, linasimama. Linalia maji. Hapo najua limesikia."

Kumbe sisi tulikuwa tunaliogopa kaburi, na yeye alikuwa anatulia. Kila jioni alipoambiwa gari limesimama tena kwa mumewe, alikwenda kulala akijua ombi lake limepokelewa. Lilikuwa ombi moja tu, na alilisema wazi bila kuzunguka. Ng'ombe wamefukuzwa, sawa. Maji yamezungushiwa waya, sawa. Watoto wamehamia upande wa Yaeda Chini, sawa. Mzee asilimwe. Ule udongo waliupandisha wanawe wakiubeba kwa mikono, na mtu aliyelimwa, alisema, hana mahali pa kuitiwa.

"Sasa wewe umesema gari halisikii," akaniambia. "Ni kuziba tu."

"Ndiyo, mama."

"Basi shika wewe. Wewe una masikio."

Akaninyooshea yale majani. Kizuizi kile kilikuwa na mlinzi, na wakwe, na watu wawili waliokuwa wakipita na punda kutoka Endasak, wote wananitazama. Ningeweza kusema mimi ni fundi tu. Ndiyo ukweli, nilikuwa fundi tu. Lakini mkono wangu ulishanyooka. Nikayashika. Yalikuwa na umande bado.

Nilikwenda nayo moja kwa moja ofisini. Njiani nilipanga maneno, na niliyaamini. Niliwaza hivi: meneja ni msomi, tatizo lake ni kwamba hajui. Nikimweleza sababu, ataelewa. Ndivyo nilivyozoea. Kwenye injini, ukishaijua sababu, kazi kubwa imekwisha.

Nikamwekea majani mezani. Nikamweleza yote, kizuizi, grili, feni, upepo wa nyuma, kimwinuko. Nikamweleza maana ya majani kwa watu wa huku, Wabarabaig na sisi pia. Nikamwambia yule mama amekuwa akimwomba yeye, meneja, tangu mvua zilipoisha, na kwamba anachotaka ni kaburi moja libaki.

Alinisikiliza vizuri. Alisimama, akazunguka meza, akayashika yale majani kwa vidole, akayageuza. Na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Kwa hiyo ni majani!"

"Ni ombi, mzee."

"Ni majani, fundi! Mwezi mzima watu wazima wananiambia mizimu, kumbe ni majani!" Akanipiga begani. Alikuwa amefurahi kwelikweli, kama mtu aliyepata funguo zake. Alifungua dirisha akamwita msimamizi wa mashamba, akamwambia awakusanye madereva wote wa trekta kesho asubuhi kizuizini.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekibeba. Kilichokuwa kinalilinda kaburi lile hakikuwa mzimu wala majani. Ilikuwa ni kutojua kwetu. Madereva walikuwa hawajui kwa nini gari linachemka, na hofu yao ilikuwa ukuta mzima kulizunguka kaburi. Mimi nikaja na sababu.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia hawezi kulima mume wa mtu huku mkewe anatazama. Nilisema mambo mengine ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Aliacha kutabasamu. Akaniambia nirudi karakanani, na kwamba fundi mzuri ni hazina lakini mafundi wako wengi. Majani yakabaki mezani, juu ya ramani ya shamba.

Sikwenda kizuizini kesho yake, lakini hakuna aliyeninyima habari. Meneja alimwonyesha kila dereva grili. Alichomeka majani mwenyewe, akayatoa mwenyewe, akawapa wayashike. Walicheka, kicheko cha mtu aliyeamka kutoka ndoto mbaya. Halafu landrova ikapita mbele, uso wake safi, na matrekta nyuma. Ilipanda kimwinuko na upepo mgongoni. Kola yangu ya bati ikavuta hewa yote ilivyotakiwa kuvuta, na washa zangu chini ya boneti zikatoa joto lote. Dereva wa Singida aliniambia mshale haukutikisika. Aliniambia kwa sauti ya kunipongeza, akidhani nitafurahi.

Lilikuwa gari lililopoa kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nasema hivi kwa uchungu, lakini nasema.

Kufikia mchana kisiwa hakikuwepo. Nilikiona kutoka juu ya tangi la maji, au tuseme nilikuwa natafuta pale kilipokuwa, na macho hayakupata pa kushika. Udongo mweusi umenyooka kutoka barabara hadi barabara, kama meneja alivyopenda. Upepo ulikuwa unapita bila kuzunguka chochote. Nilijaribu kukisia kwa kutazama kilele cha Hanang, nikasema hapa, kisha nikasema hapana, pale. Nimewahi kurudi miaka hii ya karibuni, shamba limegawanywa, watu wanalima mahindi yao. Nilisimama barabarani nikafanya vile vile. Hapa. Hapana, pale. Mwenye shamba alinifuata kuniuliza nimepoteza nini.

Alikuja karakanani siku chache baada ya plau kupita, yule mama. Nilimsikia kabla sijamwona, bangili zake. Nilikuwa chini ya trekta, nikatamani nibaki huko huko. Nikatoka. Nikafuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakunilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nilikuwa naingoja, naweza kusema niliihitaji. Alisimama na mguu wake mbovu ameuegemeza kwenye tairi, akatazama karakana, mapipa, minyororo, rejeta iliyotundikwa ukutani ikikauka. Halafu akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe majani yangu," akasema. "Nikaombe kwa mwingine."

Nilimwambia sina. Nilimwambia niliyapeleka kwa bwana mkubwa, nikayaweka mezani, na msafishaji wa ofisi amekwisha kuyatupa. Nilikwenda kuuliza, nilimwambia, na hiyo ilikuwa kweli. Nilimwambia nje kumejaa majani, nitamkatia mengine sasa hivi.

"Mengine si yale. Bwana mkubwa alikupokea kwa mkono?"

Nikafikiri. Niliyaweka mezani. Aliyashika baadaye, kwa vidole, kuyachungulia.

"Hapana, mama. Hakupokea."

Akanishika mkono wa kulia, wenye oili, akaugeuza, akautazama kwa muda. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. Kisha akanikunja vidole kimoja baada ya kingine mpaka ngumi ikafunga, akaiachia.

"Basi bado umeyashika," akasema.